Uhuru wetu umekuwa Septemba tangu lini?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuifundisha kompyuta kusoma Kiswahili kwa sauti, msizichukulie tarehe kama jambo dogo.

Mimi nilianza na tarehe za MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana hapa Kigoma nani asiyeijua? Wajerumani waliizamisha wenyewe 26/7/1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kubeba abiria 1927. Programu ikasoma vizuri kabisa: "Tarehe ishirini na sita Julai, mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita." Nikaona kazi imekwisha, nikampelekea kijana mmoja wa Mwanga asiyeona, anayejisomea historia kwa kusikiliza. Alipofika kwenye Uhuru wa Tanganyika akasimamisha sauti.

"Kaka, Uhuru wetu umekuwa Septemba tangu lini?"

Programu ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Kwa 26/7 ilijisahihisha, kwani hakuna mwezi wa ishirini na sita. Ila 9/12/1961 ina namba mbili ambazo zote zinaweza kuwa mwezi, basi ikatamka "tarehe kumi na mbili Septemba" bila kusita. Kwa hiyo pimeni kwa siku zisizozidi 12: 9/12, au 12/1 ya Mapinduzi. Saba Saba na Nane Nane hazisaidii hapo, ukizigeuza ni zile zile.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba 9/12 ilikuwemo kwenye majaribio yangu. Niliisikiliza huku nikiyatazama maandishi, jicho likaniambia Desemba, sikio likakubali. Yule kijana hana maandishi ya kutazama; sauti ikikosea, amefundishwa uongo. Siku hizi naipa skrini mgongo kabla ya kubonyeza kitufe cha kusoma.

Mwaka wenyewe hausumbui sana. Kwa Kiingereza huukata vipande viwili, kumi na tisa kisha sitini na mbili; sisi tunautamka mzima kama hesabu nyingine yoyote. Penye kazi ni kwenye ngeli. Mwaka 1962 unaishia "sitini na mbili", wanafunzi 1,962 wanaishia "sitini na wawili", na bibi wa miaka 62 ana miaka "sitini na miwili". Sita, saba na tisa hazibadiliki. Moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata jina. Mkiliandika neno "mwaka" kwenye kanuni mkasahau "miaka", mtasikia "miaka mbili", na mtoto wa darasa la pili atawasahihisha.

Kuna vingine vya kumaliza asubuhi moja: kistari cha 1924–1927 kisomwe "hadi", kisisomwe "kutoa", na tarehe 1 iwe "tarehe mosi", kama watangazaji wa redio wanavyosema.