Kambale wenye vidonda: dawa isitangulie maji

Swali: Kambale wangu wana vidonda vyekundu na matumbo yaliyovimba. Muuza dawa za mifugo amenishauri niwachanganyie tetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, kwenye chakula. Je, nikubali? – Mfugaji, Morogoro

Jibu: Ndugu mfugaji, usikubali kwa sasa. Dalili hizo hufanana na za bakteria wa Aeromonasi, ambao huishi majini siku zote na hushambulia hasa samaki waliodhoofishwa na msongamano, majeraha au sumu ya amonia itokanayo na chakula kilichobaki. Kambale kupanda juu kuvuta hewa ni maumbile yake. Anayening'inia wima na kukataa chakula ndiye wa kutiliwa shaka. Punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, kisha mpelekee daktari wa mifugo samaki walio hai wenye dalili, kwa kuwa aliyeoza hapimiki.