Wadogo zangu maadmini wa magrupu ya dagaa, tukae tuongee

Kila giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, yanafunguliwa magrupu mapya ya WhatsApp ya bei ya dagaa. Naunganishwa bila kuulizwa, naingia nakuta watu mia mbili, linki za kubeti na ugomvi. Giza hili grupu moja limepasuka kabla hata mwezi haujaanza kuwaka. Aliyelifungua anasema ni lake. Waliomsaidia kuingiza watu wanasema ni la wote. Wameishia kufungua la pili, jina lilelile, picha ileile ya mtumbwi. Asubuhi jamaa wa kisiwa cha Ukara anauliza Mwaloni, soko letu la dagaa hapa Mwanza, bei imefunguka ngapi, mzigo wake unasubiri boti, na hakuna anayemjibu kwa sababu wote wanarushiana skrinshoti.

Mimi ni mtu wa Mwaloni, Kirumba, na uadmini nimeushika tangu enzi ambazo grupu lilikuwa linajaa likifika watu 256. Tangu 2022 ukomo wa WhatsApp ni watu 1024, lakini ugomvi ninaouona ni uleule wa zamani. Habari za dagaa sitawafundisha, mnazijua. Nataka tuongee habari ya grupu.

1. Kabla hujaongeza mtu wa kumi, andikeni nani ana mamlaka ya kumtoa mwanachama, na kwa kosa gani. Mistari mitano inatosha, iwekeni kwenye maelezo ya grupu ambako kila anayeingia ataiona. Najua mnaona ni urasimu. Mnasema sisi ni washikaji, tutaelewana. Washikaji huelewana mpaka siku bei inaposhuka na mtu ana gunia arobaini ndani.

Na mjue chombo chenyewe kimekaaje. Kwenye WhatsApp, aliyefungua grupu haondoleki na wala havuliwi uadmini, mpaka ajitoe mwenyewe. Mnaweza kupiga kura usiku kucha, mkamshinda, na bado asubuhi yupo na anawatoa mmojammoja. Kwa hiyo swali la nani abonyeze kitufe cha kufungua si dogo hata kidogo. Mchague mtu ambaye hata mkikosana naye mtaweza kukaa naye kibarazani mkamaliza. Halafu wawepo maadmini zaidi ya mmoja, maana wote wakijitoa kwa hasira, WhatsApp humpa uadmini mwanachama yeyote bila kuchagua. Nimeona mpishi wa uji pale getini akiamka ni admin wa watu mia nne, hajui afanye nini, watu wanampigia simu tangu alfajiri.

2. Jina. Msitumie jina la soko kana kwamba ninyi ndio soko. Uongozi wa soko upo, BMU za mialoni zipo (vile vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye fukwe za kushushia samaki), halmashauri ipo, na kila mmoja ana njia zake za kutoa matangazo. Grupu lenu ni la wafanyabiashara kupeana habari, basi liiteni hivyo, na kwenye maelezo muandike wazi kwamba si rasmi. Ugomvi mwingi kati ya uongozi na magrupu nimeona unaanzia hapa: mtu ametangaza ushuru umebadilika, wachuuzi wamegoma kulipa, kumbe tangazo halikutoka popote. Tangazo la ushuru lirushwe likiwa ni picha ya karatasi yenye muhuri na tarehe. Bila hivyo lifutwe.

Viongozi wenyewe wakaribisheni wawe wanachama, ila msiwape uadmini. Wengi hawatakubaliana nami hapa, wanasema kiongozi akiwa admin grupu linapata heshima. Linapata heshima kweli, lakini linanyamaza. Nani atauliza kuhusu choo kilichoziba au mizani inayotiliwa shaka wakati anayeweza kumtoa ndiye anayeulizwa?

3. Kumtoa mtu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia.

Tulikuwa na grupu zuri la bei na mizigo, watu wa visiwani, wa Sengerema, wa Magu, na wanunuzi wanaopeleka mzigo Geita na mbele hadi Kongo. Ikaja masika. Mnajua masika na dagaa: mvua ikinyesha mzigo uko juu ya kichanja cha kuanikia, unageuka chakula cha kuku, na dagaa mkavu safi anatafutwa kwa tochi. Muuzaji mmoja, mtu wetu, anayejulikana, akawa anatangaza dagaa wa kichanja wengi tu, na picha juu. Kijana mmoja akauliza mbele ya wote: hii picha si ndiyo ya giza lililopita? Akaweka zote mbili pamoja. Pembeni ya kichanja kulikuwa na beseni la bluu lililopasuka mdomo, na kandambili moja imelala chali. Beseni lilelile, kandambili ileile, mahali palepale.

Swali halikuwa na tusi hata moja. Lakini muuzaji yule alikuwa mtu wa kusaidia. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuchanga, na admin mwenzetu mmoja alikuwa shemeji yake. Ujumbe ukafutwa. Kijana akauliza kwa nini umefutwa. Usiku akatolewa, na sababu ikaandikwa: utovu wa nidhamu. Maadmini tulikuwa kadhaa, wote zile picha tulikuwa tumeziona, nami nikiwemo. Hakuna aliyesema mrudisheni. Tulijiambia atapoa, tutaongea naye inboksi, tusimdhalilishe mtu mzima kwenye kadamnasi. Tulilinda heshima ya mmoja, na mzigo wa hasara tukawaachia watu ambao hawakuwa hata na habari.

Kijana hakupoa. Alifungua grupu lake kwa jina letu na picha yetu, akawavuta watu wa visiwani waliomwamini. Sisi tukatangaza lile ni feki. Wao wakatangaza feki ni sisi. Wanachama wakawa kwenye yote mawili, hawajui walisoma wapi nini. Onyo kuhusu yule muuzaji lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa, ila lilikuwa kwenye grupu ambalo sisi wenyewe tulishawaambia watu wasiliamini.

Mayu mmoja, mama wa Kisukuma, kutoka Buchosa akamtumia muuzaji yule malipo ya awali. Alikuja Mwaloni mwenyewe na boti ya asubuhi, simu mkononi, kioo kimepasuka pembeni, anamwonyesha kila aliyekaa nyuma ya magunia. Ujumbe wa mwisho ulisomeka: "Mzigo uko njiani mayu, usiwe na presha." Tiki mbili, za buluu. Namba haipatikani. Polisi walipofuatilia, laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Tulichangishana tukamrudishia kiasi, hakikufika nusu, naye alikipokea kwa mikono miwili akatushukuru, jambo lililotuumiza kuliko kama angetutukana.

Yule kijana hakurudi kwetu mpaka leo. Nikikutana naye gatini tunasalimiana vizuri, anauliza nyumbani wazima, basi.

Tangu hapo kanuni yetu ni hii. Admin mmoja hamtoi mtu peke yake. Watatu wakubaliane, na sababu iandikwe grupuni ili wote waisome. Makosa ya kutolewa ni matatu tu: picha za ngono, kutukana kabila au dini ya mtu, na utapeli uliothibitika. Anayeuliza kuhusu hela au mzigo hatolewi, hata akiuliza kwa ukali, hata akikosea. Akikosea anajibiwa.

Mtaniambia mwanachama anakera, afanyweje? Kwenye WhatsApp hakuna njia ya kumfunga mdomo mtu mmoja. Ama unafunga wote wabaki maadmini kuandika, kitu kilichopo tangu 2018, ama unamtoa. Telegram inaruhusu kumzuia mmoja asiandike kwa muda, na kwa grupu kubwa naipendelea kwa hilo, ingawa watu wetu wengi bando lao ni la WhatsApp. Kufuta ujumbe wa mwanachama admin anaweza tangu 2022, lakini jina la aliyefuta hubaki pale linaonekana, kwa hiyo ukifuta jiandae kueleza.

4. Hela zisipite kwenye laini ya admin. Za msiba ziende moja kwa moja kwa mfiwa. Na grupu likianza kukopeshana, jueni limeshakuwa kitu kingine: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hicho ni kikundi cha daraja la nne, kinatakiwa kusajiliwa.

5. Bei iandikwe na tarehe, mwalo, kipimo, na kama ni dagaa wa kichanja au wa mchanga. "Bei imepanda" haimsaidii mtu.

6. Habari za maafa. Hapa naomba mnisikilize sana. Huu ni mkoa uliozika watu wa meli iliyozama ya MV Bukoba mwaka 1996 na wa kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, kule Ukara. Mtu akifowadi voisi inayosema boti imezama, bila jina la boti, bila mwalo, bila saa, kuna mama anaacha sufuria jikoni anakimbilia ufukweni kwa sababu mwanawe yuko ziwani usiku huo. Nimewaona wakikimbia. Kumbe voisi ni ya mwaka juzi, ya ziwa jingine kabisa. Admin aliye macho anaifuta kwanza, halafu anampigia mtu wa mwalo unaotajwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayesambaza kwa makusudi habari anayojua ni ya uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Mimi sisukumwi na faini hiyo. Nawaza yule mama.

7. Picha ya kitambulisho cha NIDA cha mtu isirushwe grupuni, hata kama mnamshuku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na zaidi ya hapo, kitambulisho hicho ndicho tapeli wa kesho atakachokitumia.

8. Siasa: wekeni siku za kampeni maadmini tu waandike saa za usiku, asubuhi mfungue kwa ajili ya bei.

9. Mkigawanyika, na wakati mwingine kugawanyika ni sawa kabisa, gawanyikeni kwa majina tofauti. Wanaoondoka wachukue jina jipya na picha mpya, wanaobaki wawaage grupuni na kuweka linki ya wenzao hadharani, ili mwanachama achague akijua. Linki ya zamani ibadilishwe siku hiyohiyo, maana zimeshabandikwa kwenye kuta za vibanda na migongoni mwa mabajaji.

10. Admin anayebadilisha laini avuliwe uadmini kwanza kwenye namba ya zamani. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu humpa mtu mwingine namba hiyo. Hakikisheni namba iliyokufa imetoka kwenye orodha, na mpigieni mwenyewe msikie sauti yake kabla hamjaiingiza mpya. Kazi hiyo ifanyeni mwezi ukiwaka, wavuvi wakiwa wamepumzika na ninyi hamna bei za kupokea.