Milio ya Chini ya Gari: Maswali na Majibu

Swali (Morogoro): Gari langu aina ya Toyota IST hugonga upande wa mbele ninapopita polepole kwenye mashimo madogo. Shokapu zote mbili zimebadilishwa, lakini mlio umebaki palepale. Tatizo ni nini?

Jibu: Shokapu hubebeshwa lawama nyingi ambazo si zake. Mlio mwepesi wa kugonga katika mwendo mdogo, hasa tairi moja inapoingia shimoni huku ya upande wa pili ikibaki juu, mara nyingi hutoka kwenye stablaiza linki, yaani kile chuma chembamba chenye kifundo kila ncha, kilichounganishwa na fito inayozuia gari lisilale upande kwenye kona. Kata usukani upande mmoja ili upate nafasi, zima injini, kisha uishike linki kwa mkono na kuitikisa huku matairi yote yakiwa chini. Ikicheza, badilisha ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, kwa kuwa huchakaa karibu sawasawa.

Linki zikiwa nzima, bushi (maungio yenye mpira) za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, na boljointi, yaani kifundo cha duara kwenye ncha ya mkono huo, ndizo zinazofuata kukaguliwa. Gari lisishikiliwe na jeki peke yake: liwekwe juu ya stendi, mahali pagumu na tambarare, na matairi yaliyobaki chini yatiwe kabari. Boljointi inayocheza haivumiliki hata kwa safari ya sokoni, kwa sababu ikichomoka, tairi hulala na usukani hauna tena la kufanya.

Ikiwa ni bushi, msisitizie fundi jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza: nati zake zikazwe kikamilifu gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Zikikazwa tairi ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi hujisokota gari linaposhushwa, ukachanika mapema, nawe ukarudi kulalamika kwamba umeuziwa kipuri kibovu.

Swali (Dodoma): Ninapokata usukani hadi mwisho na kuondoka, nasikia «ta-ta-ta» kwenye tairi ya mbele. Nikinyoosha usukani, mlio unakoma.

Jibu: Hiyo ni jointi ya nje ya shafti inayozungusha tairi. Chungulia nyuma ya tairi: huenda ukakuta mpira unaoifunika umepasuka na grisi imetapakaa hadi ndani ya rimu. Mpasuko ukigunduliwa kabla ya mlio kuanza, kusafisha jointi, kuipaka grisi mpya na kubadilisha mpira kunaweza kutosha. Wewe umechelewa kidogo, kwani vumbi limekwisha kula chuma, hivyo panga kununua jointi nzima au shafti kamili.

Swali (Nakuru): Gari langu linavuma kama ndege iliyo mbali kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Fundi mmoja anasema ni beringi, mwingine anasema ni matairi. Nimwamini nani?

Jibu: Usimwamini yeyote kabla ya kujaribu. Ukiwa kwenye mwendo huo, weka gia huru kwa muda mfupi mahali pasipo na magari wala mteremko. Uvumi ukiendelea ingawa injini imetulia, chanzo kinazunguka pamoja na matairi. Uvumi unaobadilika unapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami chakavu kwa kawaida ni wa matairi yaliyolika vibaya. Beringi haijali sana aina ya barabara, bali hujali uzito: kwenye kona pana ya kushoto gari hulemea upande wa kulia, kwa hiyo uvumi ukizidi hapo, anza kukagua beringi ya kulia.

Swali (Iringa): Baada ya kupita barabara ya changarawe, gurudumu moja linatoa sauti kali ya chuma kusagana. Je, pedi za breki zimekwisha?

Jibu: Mlio ulioanza ghafla namna hiyo huenda ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati lililo nyuma yake. Rudi nyuma taratibu hatua chache, nayo huweza kuanguka. Isipoanguka, vua gurudumu, uitoe na uangalie unene wa pedi papo hapo.

Swali (Tanga): Kuna bati linalotetemeka chini injini inapokuwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Fundi anataka kuling'oa kabisa.

Jibu: Mkatalie. Bati hilo huzuia joto la bomba la moshi lisifike kwenye sakafu, nyaya na mipira iliyo karibu. Mara nyingi hulegea kwa sababu bolti zake zimeliwa na kutu, na klipu ndefu ya chuma, ya aina ile inayofunga mipira ya maji, ikizungushwa juu ya bati na bomba hulituliza kwa gharama ndogo, mradi kazi ifanywe bomba likiwa limepoa kabisa.