Maswali ya Motokari: Taa za nyuma fimee (nyeusi kama moshi), nifanye ao niache?

Yaya, salamu sana. Niko na Toyota Corolla nyeupe, si mupya lakini naitunza vizuri. Pale tunaposafishiaka motokari kuko vijana wananiambia taa za nyuma nikizipuliza rangi nyeusi kidogo, zile za rangi ya moshi, motokari itatoka kali sana. Mumoja iko na kopo yake ya kupuliza, anasema ni kazi ya saa moja tu. Mwenzake anasema nisipulize, niweke filimu kama ile ya vioo. Mimi napenda sana vile inaonekanaka, lakini mama watoto hataki hata kusikia. Ipi ni bora kati ya zile mbili, na mwanga utapungua kweli?
*Kijana wa Katuba, Lubumbashi*

Ndugu yangu wa Katuba, mama watoto yuko sawa, umusikilize. Lakini sitaki ukubali tu juu Yaya amesema, ngoja nikueleze.

Kwenye motokari nyingi kama yako, ampuli ya nyuma iko na nyuzi mbili ndani: ya wati 5 inawaka ukiwasha taa usiku, na ya wati 21 inawaka ukikanyaga freni. Mwenye kukufuata anajua umefunga freni juu anaona ule mwanga mudogo umekuwa mukubwa ghafla, basi, hana habari ingine. Sasa wewe unapitisha moshi juu ya ile plastiki nyekundu. Usiku pengine bado ataona, juu giza linasaidia, na njo maana wengi wanajaribu usiku mbele ya nyumba wanasema "aa, iko bien". Shida kubwa iko muchana. Saa saba jua linapiga moja kwa moja kwenye taa, ampuli yako inashindana na jua, na ukiiongezea weusi inashindwa.

Na kuko kitu watu wengi hawafikirie kabisa. Ndani ya taa ya nyuma mara nyingi kuko kile kipande chekundu chenye vimeno vidogo-vidogo, hakina ampuli, kazi yake ni kurudisha mwanga wa yule anayekuja nyuma. Kile kinakulinda hata ukiwa umezima motokari kando ya barabara, hata betri ikikufa. Tuseme filimu yako inapitisha nusu ya mwanga. Mwanga wa ampuli unapita mara moja, inabaki nusu. Lakini mwanga wa lori linalokuja unaingia kwanza, unabaki nusu, halafu unarudi tena kupitia filimu ileile, ile nusu nayo inakatwa nusu: inabaki robo. Robo tu, na filimu ni mupya na safi. Ongeza vumbi la kiangazi, lile jekundu la kwetu linaloganda kwenye buti mupaka plake haisomeke, halafu uende barabara ya Kasumbalesa ao ya Likasi saa moja jioni, malori ya shaba mbele na nyuma, wewe umepanchiwa umesimama pembeni. Lori ikitembea 60 kwa saa, kila sekunde moja inakata karibu mita 17. Dereva akichelewa kukuona sekunde mbili, amekula mita 34 hata mguu haujafika kwenye freni.

Mukataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unadai taa nyekundu za nyuma zionekane usiku kusipokuwa na ukungu kwa mita 300 ao zaidi. Kwetu hapa Kongo kuko Code de la route, sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, nayo inataka taa za nyuma. Mutu wa rulaji, polisi wa barabarani, akikusimamisha juu ya taa nyeusi, utamwambia nini?

Umeuliza ipi ni bora. Kati ya mabaya mawili, filimu, juu inatoka. Unaipasha moto kidogo na mashine ya kukaushia nywele, unaivuta polepole kutoka kwenye kona, gundi iliyobaki unaiosha na maji ya moto kidogo na sabuni. Rangi ya kopo haivutike. Na hakuna anayejua anapuliza kiasi gani: safu ya kwanza inaonekana nyepesi, kijana anaona haitoshi, anaongeza ya pili, ya tatu, kushoto inatoka tofauti na kuume, pembeni rangi inajikusanya na kushuka kama machozi. Nimeangalia taa moja ya vile kwa karibu muchana, mutu akikanyaga freni: katikati kulikuwa kanukta kekundu tu, kando zote nyeusi titii.

Kama unataka motokari itoke kali, tia weusi pahali ambapo hapatoe mwanga. Ule mupaka wa bodi unaozunguka taa, mukono wa buti, alama za chrome, hata chini ya bampa, weka filimu nyeusi pale, nyekundu ya taa itaonekana zaidi kuliko zamani. Ao tafuta taa zilizotoka kiwandani na rangi ya moshi, lakini uangalie kwenye plastiki kama kuko ile herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Ile maana yake taa imepimwa. Isipokuwa nayo, acha.

Kama bado unabisha, fanya hivi: bandika kipande cha filimu kwenye taa moja tu, ingine uache. Muchana wa jua kali mama watoto akanyage freni, wewe urudi nyuma hatua mia moja, uangalie zote mbili.

Yaya, mimi nilinunua motokari ikiwa tayari imepulizwa nyeusi nyuma. Nataka kuitoa. Mutu ameniambia nipanguse na tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi. Nifanye?
*Mama wa Kampemba*

Hapana mama, usiguse na tina, wala asetoni, wala esanse (petroli)! Taa za nyuma ni plastiki, na hizo dawa zinaila: leo utaona imekuwa safi, kesho inajaa nyufa ndogo-ndogo kama utando wa buibui, na hizo hazitoke tena. Njia ni ya mikono na uvumilivu. Zungushia bodi tepu ya mafundi wa rangi, chukua musasa wa maji namba 800, mwaga maji yenye sabuni kidogo, sugua kwa upole upande mumoja mupaka weusi uondoke, maji yatakuwa meusi, usiogope. Taa itabaki na ukungu, ni kawaida. Halafu 1000, halafu 1500, halafu 2000, kila mara usafishe vizuri kabla ya kubadilisha, na mwisho dawa ya kupolisha na kitambaa laini. Ukisugua, kama taa ilikuwa na ngozi ya juu inayozuia jua, umeiondoa nayo, kwa hiyo umalizie na verni safi isiyo na rangi, yenye kinga ya jua. Hiyo uache fundi wa rangi mwenye maski ya kweli aipulize, juu verni za kuchanganya makopo mawili ni sumu kwa mapafu. Kama bei ya taa za okazyo (zilizotumika) inakaribia bei ya kazi yote hii, nunua taa.

Mukubwa, mimi taa zangu ni fimee lakini nimeweka ampuli za nguvu zaidi, si imetosha?
*Chofere wa taksi, Ruashi*

Haijatosha, na umeongeza hatari. Ampuli ya wati kubwa inatoa joto ambalo ile plastiki na soketi yake havikutengenezewa, vinalainika, waya zinaungua. Na kama pahali pa wati 5 umetia 21, unatembea usiku kama mutu anayefunga freni bila kuacha, siku utafunga kweli hakuna atakayejua. Wengine wanaweka LED nyeupe: plastiki nyekundu inapitisha mwanga mwekundu tu, na LED nyeupe iko na wekundu kidogo, kwa hiyo nyingi inapotea bure. Kama ni LED, chukua nyekundu. Taa za kukata kona nazo zikianza kupepesa mbio-mbio, ni juu LED inakula umeme kidogo, rele, kile kifaa kinachozipepesa, inafikiri ampuli imekufa.

Unabeba watu, chofere. Toa ule weusi wiki hii, urudishe ampuli zako za 21/5.