Zinki, shaba na presha ya mama
Dada, umeuliza kama presha ya mama mwenye baridi yabisi imepanda kwa sababu kipimo cha damu kimeonyesha zinki iko chini na shaba iko juu, na kama umnunulie vidonge vya zinki. Usikimbilie duka la dawa kwanza. Uvimbe wa viungo wenyewe hubadilisha namba hizo: ini huvuta zinki kutoka kwenye damu, na hutoa kwa wingi protini inayobeba shaba. Kwa hiyo majibu kama hayo mara nyingi yanaonyesha ugonjwa umechachamaa, si lazima lishe iwe mbaya. Tena zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa, mtu akaishia kupungukiwa damu.

Mimi ningeanza na mfuko wake wa dawa. Anameza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku? (Wazee wetu wanazitafuna kama karanga.) Hizo huifanya figo ibakize chumvi na maji, presha ikapanda, na hudhoofisha baadhi ya dawa za presha. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, pia hupandisha presha, ila hiyo asiiache ghafla. Mpelekeeni daktari pakiti zote azione.