Kuongea badala ya kutaipu: maswali yenu na majibu

Naona wengi siku hizi mnauliza kitu kimoja, kuandika kwa sauti, yani unaongea halafu simu au kompyuta inaandika yenyewe. Nimechukua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Naandika tasnifu ya masters na vidole vimechoka. Kuna jamaa ananiuzia programu ya Dragon kwenye flashi elfu thelathini, anasema nitamaliza kwa nusu ya muda. Ninunue? (Mwanafunzi, Dodoma)

Usinunue. Dragon ni programu ya siku nyingi ya kuandika kwa sauti, toleo lake la NaturallySpeaking lilitoka 1997, na kwa Kiingereza iko vizuri kweli ndo maana madaktari na mawakili wa Marekani wanaipenda, ila Kiswahili haisikii kabisa, halafu ile Professional halali inauzwa kama dola 700 hivi sasa huyo wa elfu thelathini kaipata wapi? Hiyo ni ya kuchakachua, na inaweza ikaja na virusi vyake humohumo kwenye flashi.

Kama tasnifu ni ya Kiingereza fungua Google Docs kwenye Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+S, ongea. Bure. Windows 11 nayo inayo yake, bonyeza alama ya Windows na H.

Sasa hilo la nusu ya muda. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2016 ulikuta kuongea kwenye simu ni kama mara 3 ya kutaipu kwa spidi, ila ulikuwa wa Kiingereza na Kichina na watu walipewa sentensi fupi zilizo tayari. Wewe sentensi huna, ndo unaitafuta! Utakaa na maiki imewaka unasema eeh, aah, ngoja kwanza, na yenyewe inaandika yote hayo. Kwa maoni yangu sura ya mapitio ya maandiko itaipu tu, ile ina majina ya watu na miaka kwenye mabano kila mstari, utapata kichaa. Lakini sura ya majadiliano, pale unapoeleza matokeo yako yana maana gani, ongea kama unamweleza mwenzako mko kantini, utashangaa kurasa zinavyojaa. Chafu, lakini zimejaa, na kusafisha ni rahisi kuliko kukodolea macho ukurasa mweupe.

Nikiongea Kiswahili simu inaniandikia Kiingereza cha ajabu ajabu. Ni mbovu? (Nakuru)

Sio mbovu, inasikiliza lugha nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi ya Gboard, sehemu ya kuandika kwa sauti, weka Kiswahili, kipo cha Kenya na cha Tanzania. Google waliongeza Kiswahili tangu Agosti 2017 ila wengi hawajui kwasababu simu inatoka dukani ikiwa ya Kiingereza.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikiacha simu mezani inasikiliza mkutano mzima si itaniandikia muhtasari? Nimechoka kuandika usiku. (Dada wa Morogoro)

Dada pole, najua hiyo kazi, ila hapana. Hizi programu zinapenda mtu mmoja aongee karibu na maiki, taratibu kidogo, feni imezimwa. Kwenye mkutano wa kikundi wanaongea watu wanne kwa pamoja, mtoto analia, mwenyekiti yuko mwisho wa meza, na nje bodaboda inapita.

Na hatari yenyewe sio maneno kukosekana, hatari ni neno kuandikwa vizuri kabisa lakini silo. Kiswahili kinabeba mambo mazito kwenye silabi moja. Mtu kasema "hatukumlipa", simu ikiandika "tukamlipa" sentensi inasomeka safi hakuna mstari mwekundu chini wala nini, na mwezi ujao mnagombana kwenye kikao. "Sijalipwa" na "sijalipa" ni herufi moja tu. Wale tunaochanganya r na l ndo usiseme, wajumbe walipiga kura wanajikuta walikwenda kula. Na hela je? "Laki mbili na nusu" utaipata kwa namna yoyote, maneno, tarakimu, au 2 peke yake imekaa kama yatima.

Fanya hivi. Mkutanoni andika nondo tu kwenye daftari, maazimio, majina na pesa. Ukifika nyumbani kaa mahali kimya, vaa earphone yenye maiki, soma nondo zako kwa sauti ukizigeuza sentensi kamili, aya moja, simama, angalia, endelea. Majina na pesa weka kwa mkono. Nukta na mikato nayo weka mwishoni kwa mkono, usihangaike nayo wakati unaongea. Hapo usiku wako utaupata.

Mbona inamwelewa mke wangu wa Dar kuliko mimi Mhaya? Inabagua? (Bukoba)

Haha, kaka haina ubaguzi wa makusudi, imejifunza kwa sauti ilizopewa tu. Mfano Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya kampuni ya OpenAI iliyotoka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu theluthi mbili ni Kiingereza kitupu, Kiswahili sehemu ndogo sana, sasa humo ndani lafudhi ya Bukoba itakuwa kiasi gani? Ukiwa na muda kuna mradi wa Mozilla unaitwa Common Voice, unasoma sentensi za Kiswahili kwa sauti yako wanazikusanya, wenye programu wanazitumia bure. Wahaya mkiingia kwa wingi labda mkeo atanyamaza.

Shikamoo mwandishi. Baba yangu macho hayaoni herufi ndogo na vidole vinatetemeka, ila anapenda kujibu meseji za wajukuu. Inamfaa? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Huyu ndo mtu wa kwanza kabisa ningempa, bila kusita, kuliko hata huyo wa tasnifu. Mfundishe alama ya maiki ilipo, akuze herufi za simu, aongee meseji fupi. Ikikosea neno moja wajukuu wataelewa, hakuna anayekaguliwa hapo. Akiwa na hadithi ndefu atume voisi tu, nani atakataa kumsikia babu.

Mimi ni wakili, naweza kuandika kwa sauti barua za wateja kwenye simu? (Mombasa)

Barua ya kawaida sawa. Ila mara nyingi sauti inatoka kwenye simu inaenda kwenye seva za kampuni ndo inarudi maandishi. Zima data na wifi ujaribu, ikigoma kuandika jua ndo hivyo. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania iko ya taarifa binafsi ya 2022, kwahiyo jina la mteja, ugonjwa wake, kesi yake, taipu mwenyewe au mpe karani wako. Na usiongelee kwenye matatu, kuna watu wanasikia kuliko programu yoyote.