Nyuso za buluu vichochoroni: mazoezi ya rangi na mpangilio wa picha

SWALI: Nina kamera yenye lenzi ya milimita 50, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipiga picha hapa mjini. Ukingoni mwa bahari rangi hutoka vizuri, lakini nikiingia vichochoroni nyuso za watu huwa za buluu au za manjano, na picha hujaa vitu hata jicho halijui litue wapi. Je, kuna mazoezi ninayoweza kuyafanya bila kwenda chuoni? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Ndugu msomaji, matatizo uliyoyataja ni mawili, na ningekushauri usiyashughulikie siku moja. Anza na rangi.

Kuta za Mji wa Kale ni za matumbawe na chokaa, nazo zimekaribiana mno. Jua la mchana hupiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, likarudishwa kwenye ukuta wa pili, na kila nuru inapogonga kitu hubeba kiasi cha rangi ya kitu hicho, hivyo chokaa kuukuu hurudisha nuru yenye umanjano. Pale ambapo jua halifiki kwa njia yoyote, nuru inayoshuka ni ya anga tu, nayo ni ya buluu. Macho yetu huyasahihisha hayo bila sisi kujua, ilhali kamera iliyoachiwa kuamua yenyewe hukisia upya kwa kila picha, na mara nyingi hukosea.

Basi ifunge mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaoamua rangi ipi ihesabiwe kuwa nyeupe, kwenye alama ya jua, karibu kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru), wala usiiguse tena hata picha zikikuchukiza. Saa tatu asubuhi, simama na rafiki ukingoni mwa bahari, naye ashike karatasi nyeupe kando ya uso wake. Piga picha, kisha ingieni Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mkipiga nyingine kila baada ya hatua ishirini, hadi ndani ya daka (ukumbi wa mlangoni) la nyumba ambayo wenyewe wamewaruhusu. (Ruhusa hiyo iombwe kweli, mimi niliwahi kufokewa na mama mmoja mlangoni pake, na haki ilikuwa yake.) Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano utaiona karatasi ileile ikigeuka rangi mara nyingi. Rudia saa kumi na moja jioni, nawe utakuta hata ukingoni mwa bahari karatasi ina ubuluu, kwa kuwa upande huo unaelekea mashariki na jua limekwisha kujificha nyuma ya nyumba. Baada ya wiki moja ya zoezi hili utaanza kuitambua rangi ya nuru kabla ya kuinua kamera, na hapo ndipo kuichagua mizani mwenyewe kutakuwa na maana.

Kuhusu mpangilio, kanuni ya kuigawa fremu, yaani eneo la picha, mara tatu kwa wima na kwa ulalo unaijua bila shaka, na sioni haja ya kuirudia. Zoezi ninalolithamini zaidi ni la kukaa: chagua kona moja, usisogee zaidi ya hatua mbili kwa nusu saa, na ujiruhusu picha kumi na mbili tu. Kwa kuwa lenzi yako haivuti, itakubidi uingoje picha. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye pembe nne za fremu, kwa maana vurugu unayoilalamikia huingilia huko. Punda akipita, ngoja kichwa chake kitoke kwenye weusi wa mlango na kufika penye ukuta mweupe, la sivyo masikio yatapotea. Kisha zigeuze picha hizo kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa mtu na ukuta vimekuwa kijivu kimoja, basi kilichokuwa kikivitenganisha ni rangi pekee, nawe uamue kama inatosha. Mara nyingine hutosha: ngozi zetu za kahawia ni rangi ya machungwa iliyokolezwa giza, na hujitenga vyema mbele ya dirisha la buluu au la kijani-buluu.

Jambo dogo la mwisho: kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwa hiyo kanzu ikijaa fremu ongeza takriban stopu moja (yaani mwanga maradufu), na buibui likiijaza punguza kiasi hicho.